Mama wa Nakuru na minara ya taa: chagueni upepo kwanza, mnara baadaye

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Nakuru, nesi mstaafu, ana miaka 63. Mzee wake ana 68, alikuwa mwalimu wa jiografia, na mama anasema huyo mwalimu amechora mnara wa taa, ule wa kuonyesha meli njia usiku, ubaoni miaka yote hiyo lakini hajawahi kuona hata mmoja kwa macho yake. Sasa wamestaafu wote wawili na wanataka kwenda kwa boti waone ile ya zamani. Anauliza mambo manne: waende kuona ipi, waende mwezi gani, je ni salama kwa mtu wa presha, na kama wanaweza kuionea hapa hapa Ziwa Viktoria wasiende mbali.

Mama, shikamoo kwako na kwa mwalimu. Nimesoma swali lako mara mbili na limenigusa kweli, kwa sababu mimi nimefanya kazi ya boti hapa Kisumu miaka mingi na kabla ya hapo nilikuwa Mombasa, na watu wanaoniuliza mambo ya safari za maji huwa wanauliza bei peke yake. Wewe umeuliza usalama na mwezi, basi ntakujibu kwa urefu.

Nianze na la mwisho, la ziwa. Hapa kwetu maji mnayo, na taa za kuongoza vyombo zimekuwepo tangu enzi za stima, maana reli ilifika hapa Disemba 1901 wakati mji bado unaitwa Port Florence na meli za chuma zilikuwa zinaletwa vipande vipande zinaungwa hapa hapa bandarini. Lakini ile minara mirefu ya mawe ambayo mwalimu alikuwa anachora iko baharini, na hiyo ndio mnafaa kuifuata. Ziwa tulitumie kwa kazi ingine, na naomba msiruke hii hatua. Ziwa liwe mtihani wenu. Kabla hamjalipa hata shilingi moja ya baharini njooni Kisumu siku mbili tatu, mpande boti Dunga asubuhi mapema masaa mawili hivi, au muende Luanda Kotieno mchukue feri mvuke mpaka Mbita, mlale huko, mtembee Rusinga muone kaburi la Tom Mboya, kesho yake mrudi. Mkishafanya hivyo mtajua mambo ambayo hakuna mtu anaweza kuwaambia kwa simu: nani kati yenu anatapika, goti la mzee linapanda boti vipi, na kama wewe mama ukiwa katikati ya maji moyo unatulia ama unaenda mbio. Bora mjue hayo mkiwa nusu saa kutoka nchi kavu.

Na hapo ziwani kuna kitu mtajifunza juu ya saa. Asubuhi maji yanatulia, jua likipanda upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, na kufika saa tisa alasiri Ghuba ya Winam inakuwa na mawimbi mafupi mafupi yaliyosimama, kwa sababu maji yetu si ya kina na wimbi likikosa kina linasimama. Hilo linapiga boti kama ngumi. La bahari kuu ni refu, linakubeba pole pole, linachosha tumbo kuliko kiuno. Kwa hivyo mtu anaweza kuvumilia ziwa vizuri kisha bahari imshinde, lakini mtu akishindwa na ziwa likiwa limetulia asubuhi, huyo msimpeleke kwa boti ndogo baharini, mpeleke kwa feri kubwa na bado ataona minara. Ntawaonyesha vipi.

Sasa mwezi. Watu wengi huchagua mnara kwanza halafu wanatafuta siku, na hapo ndio makosa yanaanza. Pwani ina bwana wawili, pepo za kusi na kaskazi. Kusi inatoka kusini, inaanza kama Aprili na masika yake, Juni mpaka Agosti ndio inavuma kwa nguvu zaidi, bahari inachafuka, hapo wazee wawili hawana kazi ndani ya boti ndogo. Kaskazi inakuja kama Disemba mpaka Machi. Kaskazi ikikaribia kuisha upepo unapungua na bahari inalala, na kwa nyinyi ningesema katikati ya Februari mpaka wiki ya kwanza ya Machi. Joto litakuwa kali, sio kama la Nakuru, lakini maji yatakuwa tulivu na masika bado hayajaanza.

Halafu ndani ya huo mwezi kuna siku. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndio wakati wa bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kukaribia mita 4, mkondo unakuwa mkali na maji yakitoka mnaachwa mbali, mnatembea kwenye matumbawe na majani ya bahari mpaka mfike boti. Kwa kijana ni mchezo. Kwa goti la miaka 68 hapana. Siku kama saba baada ya mwezi mpevu ama mwandamo maji yanakuwa mafu, hayapandi sana hayashuki sana, na hizo ndio siku zenu. Chukueni kalenda yenye mwezi, wekeni alama, ndio mpigie mtu wa boti. Mtu wa boti akikwambia siku yoyote ni sawa, tafuta mwingine.

Tuje kwa minara yenyewe, na hapa mwalimu asogee karibu.

Kabla ya miaka ya 1860 na kitu hivi pwani yetu haikuwa na haja ya minara mirefu. Manahodha wa majahazi walikuja na kaskazi wakarudi na kusi, walijua njia kwa nyota, kwa rangi ya maji, kwa mnazi fulani uliosimama peke yake, na karibu na nchi walipita mchana ama walitia nanga wakangoja kukuche. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869 zikaanza kuja stima kutoka Ulaya ambazo haziangalii upepo, zina ratiba, zinafika usiku, na nahodha wake hajui mwamba hata mmoja. 1890 Waingereza wakachukua Zanzibar kama nchi ya kulindwa na Wajerumani wakabaki na bara ya Tanganyika, kila mmoja akaanza kuwasha taa upande wake. Ndio maana mkiangalia miaka iliyoandikwa kwenye hii minara mingi imebanana kati ya 1880 na kitu mpaka 1904. Ilijengewa mgeni, mama. Mwenyeji alikuwa anajua njia. Mimi kila nikiuona mnara wa zamani huwa nawaza huyo baharia wa kwanza aliyetokea gizani, hajui yuko wapi, halafu akaona mwanga.

Mombasa muanze kwa miguu, Ras Serani, pale Mama Ngina. Pamekarabatiwa 2019, kuna mahali pa kukaa na kivuli, na mlango wa bandari ya Kilindini unapita karibu sana, meli kubwa ya makontena inapita mbele yenu mpaka mnaona watu juu yake. Nendeni saa kumi na moja jioni mkae mpaka giza. Njia ya kuingia inapita kati ya miamba miwili, Leven na Andromache, majina ya manowari za Waingereza za zamani, na nahodha anaingia kwa kufuata taa zilizopangwa nchi kavu. Zile mbili zikisimama moja juu ya ingine uko njiani, zikianza kuachana umetoka, unarudisha usukani. Ni kitu rahisi hivyo na kimeokoa watu wengi. Mwalimu pia aangalie maboya, kwetu ukiingia kutoka baharini jekundu linakuwa kushoto na la kijani kulia.

Mtu akiwaambia muende Malindi kuona "mnara wa Vasco da Gama", ule ni nguzo yenye msalaba, hauna taa. Ni kitu cha historia kizuri lakini sio mlichotafuta. Na Mnarani ya Kilifi vile vile, ile ni magofu ya misikiti na kaburi la nguzo. Mnarani ya Nungwi huko Unguja ndio yenye mnara wa taa, wa miaka ya 1880, na bado unafanya kazi. Hauingiliki ndani, na kabla ya kupiga picha ulizeni, maana hiyo ni mali ya serikali. Lakini pale pale kuna kidimbwi cha kasa ambao wanatunzwa na wanakijiji, na ufukweni mafundi wanajenga mashua na majahazi kwa mikono, mtakaa hapo nusu siku na hamtachoka.

Chumbe ndio moyo wa safari. Ni kisiwa kidogo kusini ya mji wa Zanzibar, na mnara wake ulijengwa na Waingereza 1904 kuonyesha vyombo njia ya kuingia Unguja kutoka kusini. Kando yake kuna msikiti mdogo wa zamani waliokuwa wanaswali walinzi wa taa, na nyumba ya mlinzi sasa ndio wanapokelea wageni. Hiyo bahari ya upande wa magharibi ni hifadhi tangu miaka ya 1990, hakuna kuvua, na matumbawe yake ni kati ya yale mazima kabisa Afrika Mashariki. Usiku wanatoka kaa wakubwa wanaopanda minazi, mkubwa wa wote wanaoishi nchi kavu duniani. Ngazi za mnara ni zaidi ya mia moja na ni nyembamba, kwa hivyo mzee akisikia goti linamwambia hapana abaki chini, wewe panda polepole ukipumzika, ukifika juu mpungie mkono. Ni ghali, siwafichi. Ulizeni bei ya wakaazi wa Afrika Mashariki, na mkiweza mlale usiku mmoja tu badala ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, hata kama itabidi mkate siku mbili Mombasa. Sababu ni hii: mnara wa taa mchana ni jengo. Usiku ndio mnara. Na mimi siwaruhusu kabisa kuwa kwenye boti ndogo usiku, kwa hivyo njia ya kuuona ukiwaka ni kulala chini yake. Masika huwa wanafunga, ndio sababu ingine ya Februari.

Mkiwa mji wa Zanzibar pitieni Beit al-Ajaib. Wengi hawajui kwamba mbele ya jumba la Sultani kulikuwa na mnara wenye saa na taa, ukapigwa mizinga na manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 kwenye ile vita ambayo haikumaliza hata saa moja. Baadaye mnara wa saa ukajengwa ukaungana na Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la 1883. Halafu Krismasi ya 2020 sehemu ya jumba ikaporomoka. Niliumia siku hiyo. Simameni hapo tu dakika chache.

Ya mbali zaidi iko, na ni mizuri. Ras Kigomasha Pemba, 1900, ukipita msitu wa Ngezi. Ras Mkumbi kule Mafia, wa Wajerumani, 1892. Fanjove karibu na Songosongo, 1894. Lakini hiyo ni safari za siku nyingi na boti zisizo na choo, na kwa safari ya kwanza nawaomba msiende. Mtu akikimbilia kuhesabu minara anaishia kukumbuka uchovu.

Kurudi, hapa ndio nilisema ntawaonyesha. Chukueni feri ya asubuhi kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam, ni masaa mawili hivi, na muangalie Chumbe ikipita. Hapo mtaiona kutoka majini, upande ule iliojengewa. Mkikaribia Dar kuna kisiwa cha Makatumbe na mnara wake wa enzi ya Wajerumani mlangoni mwa bandari. Minara miwili, meli kubwa, choo kipo, kiti kipo. Hata kama bahari iliwashinda kwa boti ndogo hii mtaiweza. Kisha Dar mpande ndege mrudi nyumbani.

Mwalimu atauliza taa inaonekana mbali kiasi gani, hawa watu wa jiografia nawajua. Dunia ni mviringo kwa hivyo urefu ndio unaamua. Chukua mita za taa kutoka usawa wa bahari, tafuta kipeo chake cha pili, chukua mita za jicho lako, tafuta kipeo chake, jumlisha, zidisha kwa 2.08, unapata maili za baharini. Taa ikiwa mita 30 juu na wewe uko kwenye boti jicho lako liko mita 2, inatoka kama maili 14, yaani kilomita 26, kama hewa iko safi na taa yenyewe ina nguvu. Na kila mnara unapepesa kivyake, mmoja mara mbili halafu giza, mwingine mara moja, baharia anahesabu kwa saa yake anajua huyu ni fulani. Mkiwa Chumbe usiku hesabuni.

Zamani ilikuwa mlinzi anapanda na mafuta ya taa kila jioni. Mswidi mmoja Gustaf Dalén ndio alitengeneza vali inayowasha taa ya gesi jua likizama na kuzima likichomoza, bila mtu. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia 1912, na mwaka huo huo mlipuko wa gesi ulimpofusha, ndugu yake ndio akaenda kumpokelea tuzo. Mtu aliyewashia mabaharia wa dunia nzima akabaki gizani na akaendelea na kazi hivyo hivyo miaka mingine 25. Hiyo hadithi siachi kuisimulia.

Afya sasa, na wewe ni nesi utanielewa haraka. Presha peke yake haizuii safari kama imedhibitiwa na anameza dawa. Shida ni ile tembe ya kukojoza maji, maana kwenye boti ndogo masaa mawili bila choo ni mateso na aibu. Msiache kumeza, muulizeni daktari kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa siku hizo za boti. Dawa nyingi za kichefuchefu cha safari zinaweza kumfungia mkojo mwanaume mwenye tezi dume, kwa hivyo kama mzee ana hilo daktari ajue kabla hajameza. Tangawizi haina hilo tatizo, na kukaa katikati ama nyuma ya boti ukiangalia mbali pale maji na mbingu zinakutana kunasaidia kuliko watu wanavyofikiri.

Lingine kubwa ni homa ya manjano. Ukitoka Kenya kuingia Tanzania na Zanzibar wanataka kadi ya chanjo. Kama mlichanjwa zamani na kadi ipo, hiyo inatosha maisha yote, siku hizi haiishi. Lakini kama hamjawahi, mtu aliyepita miaka 60 akichanjwa mara ya kwanza hatari ya madhara makubwa iko juu kidogo kuliko ya kijana, kwa hivyo hilo ni la kukaa na daktari mkaongea, sio kukimbilia dirishani siku ya mwisho. Na kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Pasipoti pia muwe nazo, kitambulisho peke yake hakitoshi, viza hamhitaji.

Kuhusu boti yenyewe. Mwaka mmoja nilisindikiza wazee wanne wa kanisa letu pwani, mwenye boti alituahidi saa mbili asubuhi akaja saa saba mchana, na mimi nikakubali tuondoke kwa sababu pesa ilikuwa imeshalipwa. Tukarudi na upepo usoni, mawimbi yanaingia ndani, mama mmoja analia, na jaketi za kuokolea zilikuwa tatu kwa watu saba. Tulifika salama. Tangu siku hiyo sikubali, na nyinyi msikubali. Lipeni nusu, nusu mkirudi. Kila mtu avae jaketi kabla injini haijawashwa, na lifungwe, sio kukaliwa. Injini ya pili iwepo ama makasia na nanga yenye kamba ndefu. Muulizeni nahodha atafanya nini injini ikizima, halafu nyamazeni mumsikilize. Akichelewa zaidi ya saa moja, hiyo siku imeisha, rudini hoteli mnywe chai.

Nguo ni ndefu za mikono, kofia ya kufungwa kidevuni, sandali za raba zinazoshika mguu kwa nyuma maana kuna viumbe vya miiba myeusi kwenye mawe. Dawa zote ziwe kwenye mfuko usioingiza maji, kila mtu abebe nusu ya zake na nusu ya za mwenzake.

Mkija Kisumu kwa ule mtihani wa kwanza njooni Jumanne ama Jumatano, wikendi Dunga inajaa watu na kelele. Mwambie mwalimu abebe daftari.